Majani Yanayofukuza Wadudu Nyumbani, na Jinsi ya Kuitoa Harufu Yake

Kivumbasi kilichosimama mlangoni bila kuguswa hupunguza mbu kwa kiasi tu. Mafuta yenye harufu yamefungwa ndani ya jani, na hutoka kwa wingi pale tu jani linapofikichwa, linapopondwa au linapopashwa moto. Ndiyo sababu unaweza kuingia uani kwa mtu hapa Tabora ukakuta mwarobaini mkubwa, mchaichai kando ya bafu na kivumbasi dirishani, na bado mbu wamejaa sebuleni. Mimea ipo ila harufu haijatolewa.

Kabla ya majani yoyote, anza na maji. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14 hivi, kwa hiyo pipa, ndoo, tairi bovu na kopo vikimwagwa kila wiki, kizazi kinakatika. Mvua zikianza Novemba, kazi kubwa ni mashimo ya matofali nyuma ya nyumba. Lifukie shimo, au lichimbie mfereji wa kutolea maji. Na chandarua kibaki kitandani. Majani hulinda baraza jioni, lakini mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, saa ambayo jiko la kupashia majani limeshapoa na wewe umelala.

Kivumbasi

Mbegu zake ni ndogo mno. Ukizifukia zaidi ya nusu sentimita nyingi hazitoki, kwa hiyo zinyunyize juu ya udongo laini kwenye kopo lililotobolewa chini, zipitishie kiganja, kisha mwagilia kwa matone. Sia Oktoba ili mvua zikishika uwe na miche ya kupandikiza. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, mahali penye jua. Mche ukifika sentimita 30 kata ncha, utatoa matawi. Endelea kuondoa vichwa vya maua, maana ukiuacha mmea uzae mbegu majani hupungua na shina huwa gumu. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, unahitaji maji mara mbili kwa wiki.

Watu wengi hutupa majani moja kwa moja juu ya moto. Yanaungua, moshi unawatoa machozi waliokaa, na sehemu kubwa ya mafuta inateketea kabla haijafika hewani. Yanatakiwa kupashwa, yasiwake. Fanya hivi:

1. Washa jiko la mkaa nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe.
2. Weka juu yake kikaango kikavu cha zamani au kipande cha bati.
3. Tia konzi mbili za majani mabichi pamoja na vijiti vyake laini.
4. Geuza kila baada ya dakika chache. Yakianza kuwa meusi moto umezidi, inua kikaango kwa vipande vitatu vya tofali.
5. Yakikauka na kupasuka ukiyagusa, kawaida dakika 20 hadi 30, mwaga na uweke mengine.

Liweke jiko upande unakotokea upepo, hatua mbili au tatu kutoka kwenye viti. Anza saa 12 jioni, kabla mbu hawajakaa chini ya meza. Upepo ukiwa mkali usijisumbue, harufu yote itaenda kwa jirani. Jani la mkaratusi ule unaonukia limau ukilifikicha hutumika vivyo hivyo.

Jiko lisiingizwe chumbani hata kidogo, hata kama mkaa hauna moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu waliolala. Kwa ndani ya nyumba, fikicha matawi matano au sita ya kivumbasi kwa mikono na uyafunge dirishani. Badilisha kila jioni, maana la jana ni pambo tu. Mwenye pumu akae mbali na jiko na harufu yake.

Mchaichai

Hupandwa kwa kugawa shina. Ng'oa kichaka cha zamani, tenganisha vishina vyenye mizizi, punguza majani yabaki sentimita 15, panda kwa nafasi ya sentimita 75. Usiuache uwe pori karibu na mlango, nyoka hupenda kujificha humo.

Mafuta ya kupaka ngozini hutengenezwa hivi. Kata gramu 200 za majani, yaache yanyauke kivulini siku moja, kisha yakatekate vipande vya sentimita 2. Hatua ya kunyausha ndiyo inayorukwa sana, na maji yaliyobaki kwenye jani ndiyo yanayofanya mafuta yachache na kuota ukungu. Yatie kwenye bakuli la bati pamoja na nusu lita ya mafuta ya alizeti au ya nazi, liweke bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, acha saa mbili. Mafuta yenyewe yasichemke. Chuja kwa kitambaa safi, yaache yatulie, kisha mimina ya juu kwenye chupa isiyopitisha mwanga na uache tope la chini. Tumia ndani ya mwezi mmoja.

Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono na usubiri siku nzima. Ukipaka, rudia kila saa. Usimpake mtoto mchanga. Wengine huongeza maji ya ndimu au limau ili harufu izidi. Usifanye hivyo, maji hayo yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi.

Wafugaji wa nyuki wa mkoa huu wataujua upande wa pili wa mmea huu: harufu inayomkera mbu humvuta nyuki, na mchaichai husuguliwa ndani ya mzinga mpya ili kundi liingie. Basi usiusugue kwenye mianya ya paa wakati makundi yanahama, usije ukapata asali darini.

Mwarobaini

Huu usiutegemee kwa mbu wa jioni. Nguvu yake iko tumboni mwa mdudu: akila jani lililopuliziwa anakataa chakula, na kiwavi anashindwa kujivua gamba. Unafaa bustani ya mchicha na sukumawiki nyuma ya jiko.

Okota matunda yaliyogeuka manjano, osha nyama yote itoke, kausha mbegu kivulini hadi ganda livunjike kwa urahisi. Zilizoota ukungu tupa. Twanga gramu 50 za kiini kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku mmoja, chuja, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye majani. Pulizia jioni, siku hiyo hiyo uliyochuja, kwani jua huivunja nguvu kwa siku chache tu. Usitarajie wadudu kudondoka papo hapo, angalia baada ya siku tatu. Mafuta ya mbegu zake yasinywewe, na chupa iwe mbali na watoto, kwa kuwa yamewahi kuwadhuru vibaya.

Ghalani

Maharage yanayotoka Kasulu au Kibondo huja na mayai ya fukusi tayari. Kinga rahisi ni mafuta ya kupikia: mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa kila kilo. Mawese yanayoletwa kutoka Kigoma yanafaa. Gunia la kilo 100 huchukua nusu lita. Changanya juu ya turubai mpaka kila punje ing'ae, maana yai lililo kwenye punje isiyopata mafuta ndilo litakalopona. Ya mbegu yaweke kando bila mafuta, uotaji unaweza kupungua.

Kwa mahindi habari ni nyingine. Dumuzi, yule waliyembatiza Scania, alitokea Amerika ya Kati na barani Afrika alionekana kwanza hapa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Majani ya mwarobaini peke yake hayamwezi. Pukuchua mahindi, yakaushe hadi punje ipasuke kwa sauti ukiitafuna, kisha yafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa na uhakikishe haijatobolewa na panya.

Bado kuna wanaochemsha majani ya tumbaku na kumwagia kitandani dhidi ya kunguni, kwa kuwa tumbaku mkoani haikosekani. Nikotini hupenya ngozi, kwa hiyo anayelala humo anaweza kuipata kwa wingi kuliko kunguni. Kitanda kitoe nje, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao, na godoro lianikwe juani huku likigeuzwa.