Somo: Kuchomelea vyuma bila kuharibu macho, mapafu na mgongo

Habari zenu mafundi. Somo la leo ni la wenzetu wa kuchomelea: wa mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, matela na bodi za magari. Kabla ya hatua zenyewe nataka jambo moja lieleweke. Madhara mengi ya kazi hii hayaumi wakati yanapokupata. Ukijikata na bati utajua hapohapo. Lakini mwanga wa kuchomelea unakupiga saa nane mchana, unaanza kulia nao saa nane usiku. Moshi wa bomba la zinki unauvuta asubuhi, homa inapanda jioni. Na moshi wa kila siku unaweza kujitokeza baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo fundi anayesema "mimi nimeshazoea, sioni shida" anajipima kwa maumivu, na hapa maumivu huchelewa kufika.

Hatua ya 1: Mahali na umeme

Ondoa makaratasi, randa za mbao, matambara yenye mafuta, rangi na tina ya kuchanganyia rangi. Cheche huruka mita kumi na zaidi, na huingia kwenye nyufa usizoziona. Ukichomelea nyumbani kwa mtu, penye pazia na makochi, weka ndoo ya maji au mchanga karibu, na ukimaliza usiondoke kabla ya nusu saa. Saa moja ni bora zaidi. Moto wa kazi hizi mara nyingi hufuka taratibu, ukawaka fundi akiwa ameshapanda daladala.

Mashine zetu nyingi ni za kufungwa mtaani, waya wa kopa umezungushwa kwenye bapa za chuma na kuwekwa kwenye boksi. Zinapiga kazi, sizikatai. Tatizo ni boksi lisilo na kifuniko na nyaya za kuingiza umeme zilizoungwa kwa mfuko wa nailoni. Waya wa ndani ukiungua na koili zikagusana, umeme wote wa TANESCO unaweza kufika kwenye holda, kile kishikio cha fimbo ya kuchomelea ulichoshika. Funika boksi, funga ethi ya mashine (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), na umeme upite kwenye saketi breka yake yenyewe.

Hata mashine nzima, ikiwa imewashwa na haijaanza kuchoma, huwa na volti kama 50 hadi 80 kwenye holda. Mwenye glavu kavu na buti kavu hazihisi. Aliyelowa jasho, amekalia chuma, anabadilisha fimbo kwa mkono mtupu, zinaweza kumuua. Mvua ikianza, zima.

Hatua ya 2: Inua kazi, usiinamie

Mafundi wengi tunachomelea tumechuchumaa, geti limelala chini. Ukikaa hivyo kutwa nzima, kiuno na magoti vinachakaa, na uso wako unakuwa juu kabisa ya moshi. Tengeneza stendi mbili kwa vipande vya angle vilivyobaki, zifike usawa wa kiuno chako, ulaze geti juu yake. Ni kazi ya asubuhi moja. Geti zito ligeuzwe na watu wawili au zaidi, na mmoja ndiye ahesabu.

Hatua ya 3: Macho

Hapa naomba tukae kidogo. Mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana, ileile ya jua inayobabua ngozi, ila hii iko mbele ya uso wako na ni kali mno. Inaunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Saa sita hadi kumi na mbili baadaye unahisi mchanga umejaa machoni, machozi yanatiririka, hata taa ya simu huwezi kuitazama. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo mtu anapodhani hakuna kilichoharibika. Lakini mwanga mkali ukitazamwa moja kwa moja unaweza kuunguza nyuma ya jicho pia, na kovu la huko halifutiki.

Miwani ya jua haifai. Pembeni iko wazi, na haipunguzi mwanga kwa kiasi kinachotakiwa. Nenda dukani uombe kioo cha kuchomelea kwa namba. Kwa fimbo za geji 12 na geji 10 tunazotumia kila siku, tafuta namba 10 au 11. Kioo cha namba 5 ni cha gesi, usikubali kuuziwa kwa ajili ya umeme. Mbele ya kile cheusi weka kioo cheupe cha kupokea cheche, ukibadilishe kikifunga ukungu. Kioo cheusi kikipata ufa, kitupe.

Na vaa shati la mikono mirefu la pamba au jinzi, kola imefungwa. Trakisuti ya nailoni huyeyuka na kugandia ngozini.

Hatua ya 4: Moshi

Zinki huchemka ikifika nyuzi joto 907, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake, kabla bomba halijayeyuka, ile zinki ya juu imeshageuka moshi mweupe mzito, na utaona nyuzi nyeupe kama pamba zikielea. Ukiuvuta, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, koo linakauka, na jioni unapata baridi kali, homa na viungo kuuma. Wengi hukimbilia dawa ya malaria. Ukienda kituo cha afya sema wazi kwamba ulichomelea mabomba ya zinki, na upime malaria kabla ya kumeza dawa. Homa hii kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukiona kifua kinabana au pumzi inakatika, hilo ni jingine, wahi hospitali.

Fanya hivi: saga zinki pande zote mbili za kiungo, sentimita tatu au nne, huku umevaa barakoa. Kaa upepo ukupige ubavuni, ili moshi usipite usoni. Feni ya kawaida ikiwa pembeni inasaidia sana. Leso na barakoa za bluu za hospitali hazizuii moshi huu, anzia na N95, barakoa inayobana uso na kuchuja chembe ndogo. Na ujue kwamba mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea, wa chuma chochote, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usidhani ni wa zinki tu.

Hatua ya 5: Grainda

Usitoe gadi, ile kinga ya chuma inayofunika jiwe la kukatia. Najua inatolewa ili jiwe kubwa liingie, na hicho ndicho kinachoua. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Jiwe la inchi 9 limetengenezwa kuvumilia kama 6,600 tu. Litapasuka, na vipande huja usoni au shingoni. Soma pia ile pete ya chuma katikati ya jiwe, ina mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Jiwe la kukatia lisitumike kusagia kwa ubavu. Miwani myeupe ya kuziba pembeni ivaliwe hata kwa mkato mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni saidia fundi, nashikilia chuma fundi anapiga. Sina kioo, huwa nageuza uso tu. Inatosha?

Marahaba mdogo wangu. Haitoshi. Mwanga unaruka ukutani na kwenye bati ukakurudia, na shingo na sikio linaungua. Mwambie fundi akupatie kioo chako, au mfunge chuma kwa klampu ukae mbali. Wateja na watoto wanaosimama kutazama nao wawekewe pazia la turubai.

Kaka, ni kweli maziwa yanaosha moshi kifuani?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Kunywa kama chakula, ila yasikufanye uache barakoa.

Mteja ameleta pipa la dizeli, anataka likatwe liwe jiko la kuchomea nyama. Nimeliosha kwa omo. Nipige?

Usipige, fundi. Pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani mvuke wa mafuta umechanganyika na hewa. Mafuta yaliyojificha kwenye mikunjo hayatoki kwa omo, na yakipata joto hutoa mvuke mpya. Mwambie mteja alete pipa ambalo halijawahi kubeba mafuta, tina wala kemikali, au umtengenezee kwa bati jipya. Akikasirika, mwache aondoke nalo.

Bosi anasema glavu na kioo kila mtu ajinunulie. Niko Dar, ndugu yangu yuko Kamukunji, Nairobi, na wao ni hivyohivyo.

Kisheria ni wajibu wa mwajiri. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na Kenya ina yake ya 2007. Ukiumia kazini Tanzania Bara, au ukipata ugonjwa uliotokana na kazi, kuna mfuko wa fidia, WCF. Mchango wake analipa mwajiri peke yake, asikukate mshahara. Anza kwa kuzungumza naye mkiwa kundi, si mmoja mmoja. Ukiumia, hakikisha taarifa imeandikwa siku hiyohiyo na fomu ya hospitali uitunze.

Dukani huwa wananiuzia dawa ya matone inayoondoa maumivu ya macho papo hapo. Ina shida?

Kama ni ya ganzi, ina shida kubwa. Inazuia kidonda kupona, na unasugua jicho bila kuhisi. Kuna watu wamepofuka kwa kuitumia siku baada ya siku. Kitambaa chenye maji baridi, dawa ya kawaida ya maumivu, chumba chenye giza, basi. Viazi, majani ya chai na maziwa ya mama usiweke. Kukicha bado unaumia au unaona ukungu, nenda kliniki ya macho.

Na kipande cha chuma kikiingia jichoni? Hapa kuna fundi anatoa kwa ncha ya wembe.

Asikuguse. Safisha jicho kwa maji safi mengi, usisugue, na kisipotoka nenda hospitali siku hiyohiyo, maana chuma kikikaa kinaacha kutu jichoni. Lakini kama unahisi kimechoma na kuingia, usioshe wala usibonyeze. Lifunike kwa kitu kisichogusa jicho, kama kikombe cha plastiki, uende mara moja. Ukifika waambie kilitokea wapi: kwenye grainda au kwa kugonga nyundo juu ya chuma. Cha nyundo kinaweza kuwa kimezama ndani kabisa bila kuacha alama kubwa, na watahitaji kupiga picha.