Tarehe na saa kwenye programu: lini uchukue maktaba ya nje

Mimi huanza na kilichomo ndani ya lugha ya programu yenyewe, na maktaba ya nje, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa na wengine, naichukua pale tu kazi inapoidai. Kila kifurushi unachoongeza kitahitaji kusasishwa, na kwenye tovuti mtumiaji ndiye anayekipakua.

Kwanza iandike kazi yako kwa maneno ya kawaida. Kurekodi tukio lilitokea lini, au kuonyesha tarehe kwa lugha ya msomaji, ni kazi ambazo lugha nyingi za programu zinaziweza zenyewe. Hifadhi kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kisha geuza wakati wa kuonyesha. Kwenye JavaScript, Intl.DateTimeFormat, chombo cha ndani cha kuonyesha tarehe, inatosha kabisa.

Tabu huanza kwenye hesabu. Chukua Date ya JavaScript yenye 31 Januari 2025, uisogeze hadi Februari kwa setMonth(1), maana humo Januari ni 0. Utapata 3 Machi, bila onyo lolote. Tena, "2025-03-10" husomwa kama UTC, lakini "2025-03-10T00:00" husomwa kwa saa za mashine, kwa hiyo mtu aliye magharibi ya UTC anaweza kuona tarehe 9. Kama programu yako inakokotoa siku za malipo au mwisho wa mikataba, usijiandikie hesabu hizo mwenyewe: chukua maktaba ya JavaScript kama date-fns au Luxon. Moment.js, maktaba ya zamani ya kazi hiyohiyo, usianze nayo leo. Walioitengeneza walitangaza mwaka 2020 kwamba haitaongezewa mambo mapya. Temporal, sehemu mpya ya JavaScript yenyewe, imebuniwa kurithi nafasi ya Date, nami naipenda sana, ila kagua kwanza kama vivinjari vya watumiaji wako vinayo.

Kwenye Java jibu ni rahisi: tangu toleo la 8, mwaka 2014, java.time ya ndani inatosha, na waliotengeneza Joda-Time, maktaba ya nje iliyotumika kabla yake, wenyewe wanashauri watu wahamie huko. Kwenye Python tumia datetime pamoja na zoneinfo, moduli ya ndani ya kanda za saa iliyoingia toleo la 3.9. Ukikuta pytz, maktaba ya nje ya kanda za saa, kwenye mradi wa zamani, angalia kama kanda imepachikwa moja kwa moja kwenye tzinfo, sehemu ya datetime inayobeba kanda. Mtindo huo huleta tofauti ya saa ya enzi za kale, yenye dakika za ajabu, na kosa hilo hujificha muda mrefu.

Swali ambalo watu hulisahau ni hili: kanuni za kanda za saa zinatoka wapi, na nani anazisasisha? Serikali hubadilisha saa zinapotaka. Samoa iliiruka kabisa 30 Desemba 2011. Zoneinfo husoma data ya mfumo wa kompyuta, na Windows haina data hiyo kwa muundo inaouhitaji, kwa hiyo huko utaongeza kifurushi cha tzdata, chenye data hiyo, hata kama umechagua njia ya ndani.

Kwa sababu hiyohiyo, miadi ya mwakani usiihifadhi kwa UTC peke yake. Hifadhi saa aliyoichagua mtu pamoja na jina la kanda, mfano Africa/Nairobi, ili kanuni zikibadilika miadi ibaki saa ileile.

Ukishachagua, hesabu zote za tarehe ziweke kwenye faili moja, sehemu nyingine za programu ziite hapo. Kisha endesha majaribio mashine ikiwa kwenye UTC, halafu America/New_York, halafu Asia/Kolkata yenye nusu saa yake.