Somo: Printa ya nyumbani inawaka lakini kompyuta yasema "oflaini"

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Naandika mara moja, na atakayenisimamisha njiani hapa Langoni, Lamu, nitamrudisha huku.

1. Zima printa na ruta. Washa ruta, ngoja dakika mbili, kisha printa.

2. Kompyuta na printa ziwe kwenye waifai moja. Ile ya wageni haifai: ruta nyingi huvizuia vifaa vilivyo huko visionane na vya nyumbani.

3. Chapisha ukurasa wa mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani ya IP (namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao). Kwenye kompyuta fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika ping na anwani hiyo, uone kama printa yajibu. Ikijibu, nenda hatua ya 5. Anwani ikianza na 169.254, printa haikupewa kitu na ruta; iunganishe upya.

4. Ipe anwani isiyohama. Ruta hugawa anwani kwa mkopo. Umeme ukikatika na kurudi, printa yaweza kupata nyingine, na kompyuta ikabaki kubisha mlango wa zamani.

Mimi niliiandika kwa mkono kwenye printa, 192.168.1.5, nikaona nimemaliza. Miezi ikapita salama. Yakaja Maulidi, nyumba ikajaa jamaa kutoka Pate na Faza, kila mmoja na simu yake, na ruta ikaipa simu moja ile ile 192.168.1.5. Nilikuwa na ratiba za kuchapisha usiku huo. Printa ikatoa kurasa tatu, kimya. Mwenye simu akitoka kwenda msikiti wa Riyadha, printa yarudi. Akirejea barazani, yapotea. Nilibadilisha wino, nikafuta programu nikaiweka upya, hadi alfajiri ndipo nikafungua orodha ya vifaa kwenye ruta.

Kwa hiyo funga anwani kwenye RUTA, sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), kwa namba ya MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho iliyowekwa kiwandani. Printa yenyewe iache ipokee anwani kiotomatiki. Na angalia: printa yenye waifai na tundu la kebo ina MAC mbili. Chukua ya njia unayotumia.

5. Kwenye kompyuta ya Windows, ongeza printa kwa chaguo la Standard TCP/IP (kuifikia kwa anwani yake), uandike anwani hiyo.

6. Kazi zimekwama? Simamisha Print Spooler (huduma ya Windows inayoshika foleni ya kuchapisha), futa vilivyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe iache), iwashe tena.

MASWALI

Wa Shela: Yangu imekataa kabisa, nisaidie haraka.
— Umefika hatua ya ngapi? Ping imejibu nini?
Wa Shela: Sijasoma yote kaka.
— Soma kwanza.

Mwalimu, Mpeketoni: Yetu imechomekwa USB kwenye kompyuta ya mzee, sisi twaipitia hapo. Mchana yaonekana, usiku haipo. Hatua zako zatufaa?
— Swali zuri, mwalimu. Hapo kompyuta ya mzee ndiyo mlango: ikilala, printa imelala nayo. Izuie isilale, na mtandao wake uwe wa Private (wa nyumbani, si wa hadhara). Mkiona kosa 0x0000011b, lilianza na masasisho ya usalama ya Windows ya Septemba 2021. Kuna wanaoshauri kuhariri rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Mimi siwashauri, mtakuwa mmevunja kufuli la usalama. Sasisheni kompyuta zote.

Wa Mkomani: Ruta iko kwenye kidaka chumba cha ndani, printa ukumbini. Ping yajibu moja, yapotea mbili.
— Bi, hizo ni kuta zetu za matumbawe, mawimbi hupenya kwa shida. Itoe kidakani, uiweke juu ikitazamana na mlango. Na kama printa yako yapokea GHz 2.4 tu, usiiunganishe na jina la waifai ya GHz 5. Ukipata nafasi ya kuvuta kebo, vuta, hutajuta.

Wa Malindi: Masika karatasi zangu zakwama kila mara, hilo nalo ni mtandao?
— Hapana, ni unyevu. Mimi huweka rimu kwenye ndoo yenye kifuniko, natia trei karatasi za siku ile tu.
Wa Langoni: Na ya wino, chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila Ijumaa. Yangu ilikaa mwezi, kichwa kikakauka.
— Ahsante sana, hilo naliongeza hatua ya 7.