Zuia matangazo kwa mtandao mzima wa nyumbani

Badala ya kuweka kizuia matangazo kwenye kila simu, sakinisha Privoxy, programu ya kuchuja matangazo, kwenye kompyuta moja inayowaka muda wote, kisha elekeza vifaa vingine kwake kama proksi, yaani kituo ambacho mawasiliano yao ya intaneti yatapitia, poti (namba ya mlango) 8118. Wengi hukwama hapa: programu hii ikiwa mpya husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani kompyuta yenyewe. Fungua faili la config (mipangilio) la Privoxy, kwenye mstari wa listen-address weka anwani ya ndani ya kompyuta hiyo, mfano 192.168.1.10:8118, halafu iwashe upya Privoxy. Kwenye HTTPS, yaani tovuti ambazo mawasiliano yake yamesimbwa, kwa kawaida proksi huona jina la tovuti tu, kwa hiyo tangazo linalotoka tovuti ileile unayoisoma litapita. Na tafadhali sana, poti hiyo usiifungue kwa intaneti ya nje. Watu usiowajua watapitishia mambo yao kwako.