SOMO: Serikali inapangaje akiba ya dawa na vifaa vya dharura (anzia kwa mgonjwa, ghala litakuja baadaye)

Wakuu salama? Kuna watu waliniomba nieleze hii kitu hatua kwa hatua, haya tusogee. Wengi wakisikia akiba ya dharura wanawaza ghala kubwa limejaa maboksi basi kazi imeisha. Ukianza na ghala utanunua vile vinavyopangika vizuri kwenye rafu, afu siku mlipuko unaingia unakuta glavu zipo mpaka dari ila kanula za watoto (kale kamrija kanakoingizwa mshipani kupitisha drip) hamna hata moja.

HATUA YA 1: Chagua unajiandaa na nini
Huwezi kujiandaa na kila kitu, hela haitoshi popote duniani. Kaeni wataalamu wa magonjwa, mifugo, hali ya hewa, zimamoto na watu wa hazina (hawa msiwasahau, bila wao mnapiga stori tu), kila tishio mlipime kwa mambo mawili: lina uwezekano gani wa kutokea na likitokea linaumiza kiasi gani. Ndui kwa mfano WHO ilitangaza 1980 kuwa imetokomezwa, lakini zipo nchi zinazohifadhi chanjo yake mpaka leo, maana ikirudi watu wengi hawana kinga. Na hazikukaa bure, mpox iliposambaa 2022 Marekani ilitumia chanjo iliyokuwa imeiweka kwa ajili ya ndui.

HATUA YA 2: Piga hesabu kuanzia kitandani
Hapa ndo pa kukaa sana. Chukua kipindupindu. Mgonjwa aliyeishiwa maji vibaya anahitaji drip kama mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni lita 6, tena ndani ya masaa kama matatu hivi, hapo bado hujafidia anachoendelea kuharisha. Wagonjwa 500 wa namna hiyo ni lita 3,000, yaani maji tu ni tani 3! Sasa jiulize, tani 3 zinabebwa na gari gani, barabara ikikatika je? Bado kanula (zinaharibika, mshipa unakosewa, usihesabu moja kwa mtu mmoja), bado seti za drip, chumvi za kunywa kwa wale wasio mahututi, klorini, sanduku la kutupia sindano, na nesi wa kuitundika hiyo drip. Unaona mgonjwa mmoja anavyovuta vitu? Kila kitu kiandikwe pamoja na mwenzake, chanjo bila sirinji ni pambo.

HATUA YA 3: Kipi ukiweke, kipi ukifungie mkataba
Kinachotakiwa ndani ya masaa kiwe mkononi na kiwe karibu, kama dawa za kupooza sumu, hizo haziwezi kungoja ndege. Kinachoweza kusubiri wiki, ingia mkataba na msambazaji akushikie mzigo kwenye stoo yake akiuzungusha sokoni, we unalipia uhakika. Ila msambazaji huyo huyo asiwe amewaahidi watu kumi mzigo mmoja, hilo likaguliwe, msiamini makaratasi.

HATUA YA 4: Zungusha
Kinachoisha muda mapema kitoke mapema, kipelekwe hospitali za kawaida kitumike, kipya kiingie. Niliwahi kuingia kwenye stoo moja nikakuta vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) vimeekspaya vyote, daftari linasema vipo "tayari kwa dharura". Mwenye daftari alikuwa sahihi, vilikuwepo.

HATUA YA 5: Njia ya kumfikia mtu
Mwaka 2001 Marekani barua zenye vimelea vya kimeta ziliua watu 5, na baadae miji mikubwa ikawekewa lengo la kugawa dawa kwa wote waliohatarishwa ndani ya masaa 48. Kinga ya kimeta kwa siprofloksasini (antibiotiki) ni vidonge viwili kwa siku kwa siku 60, yaani 120 kwa mtu, watu milioni 1 ni vidonge milioni 120. Kununua ndo rahisi, shughuli ni foleni, walinzi, lugha ya maelezo, na yule asiyeweza kutoka nyumbani. Fanyeni zoezi la kweli na watu wa kweli, mezani kila mpango unapendeza.

HATUA YA 6: Nani anasaini, na nani anajaza tena
Andikeni kabisa nani anafungua ghala saa nane usiku. Na kujaza tena kuwe na bajeti yake, Marekani ilitoa barakoa nyingi sana kwenye mafua ya 2009, hazikurudishwa kwa kiwango kile, 2020 korona ilipoingia wote tuliona zilivyokosekana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu dawa ikiisha muda si itupwe tu?
Jibu: Kwa kawaida ndiyo, we usijiongezee tarehe mwenyewe. Ila Marekani tangu 1986 wana mpango wa kupima maabara dawa za akiba zilizotunzwa vizuri, zikifaulu zinaongezewa muda. Bila maabara na joto lililorekodiwa sahau.

Swali: Mimi niko stoo ya kituo kidogo, hii inanihusu nini?
Jibu: Inakuhusu kuliko waziri dada yangu. Hesabu yote ya juu inategemea matumizi unayoandika wewe. Ukijaza "0" kumbe dawa iliisha wiki ya kwanza, huko juu wanasoma hakuna anayeihitaji. Andika na siku ulizokaa bila dawa.

Swali: Na ugonjwa mpya usio na dawa?
Jibu: Weka vinavyofaa kwa mengi: oksijeni, mavazi ya kinga, drip, uwezo wa maabara. Pia majokofu, chanjo ya ebola inayotunzwa kwenye akiba ya dunia tangu 2021 inataka baridi ya nyuzi 60 mpaka 80 chini ya sifuri, hilo friji hulinunui siku mlipuko umeanza.

Swali: Dawa au chanjo zisipotosha watu wote, nani anaanza kupewa?
Jibu: Liamuliwe kabla, kwa maandishi, watu wakiwa wametulia. Oktoba 2022 chanjo ya kipindupindu ilipopungua duniani, kampeni za mlipuko zikahamia dozi moja badala ya mbili, kinga inadumu muda mfupi zaidi ila wanafikiwa wengi. Kuna watakaolalamika na wana haki, ndo maana sababu iandikwe pale pale chini ya uamuzi na jina la aliyeamua.