Kutoa kwa kukopa: afungue kumi kwanza, ndipo atoe

Mtoto anayeandika 52 − 27 = 35 si mzembe: ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Kilichonisaidia wiki hii ni kumtaka amalize kufungua kabla hajatoa chochote. Apange vijiti: mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili pembeni. Afungue fungu moja, kisha juu ya 52 aandike 40 na 12. Mwulize, "Vijiti vimepungua?" Mwache avihesabu mwenyewe hadi aone bado ni 52, usiiruke hatua hii. Sasa atoe: 12 − 7 ni 5, 40 − 20 ni 20, jibu 25. Anafanya kazi moja kwa wakati mmoja, na neno "kufungua" halimchanganyi kama "kukopa", maana hapa hakuna deni la kulipa. Haitasaidia kama bado haoni kwamba 12 ni kumi moja na mbili. Mrudishe kwenye kufunga mafungu. Hukwama pia penye sifuri: kwenye 302 − 147 hakuna kumi la kufungua, kwa hiyo afungue mia moja iwe makumi 10, halafu afungue kumi moja kati ya hayo.