GPS kwenye pikipiki: umeme na sauti

Wenzangu wa boda hapa Kampala, mkifungiwa GPS (kifaa cha kuonyesha njia kwa ramani na kuitamka kwa sauti) msikubali fundi aunge waya betrini bila fyuzi. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha, ikae karibu kabisa na betri. Afadhali umeme uchukuliwe baada ya swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki na GPS izime. Betri zetu ni ndogo. Kifaa kikinyonya usiku kucha, asubuhi utapiga kiki mpaka uchoke. Kinachochajiwa kwa USB kinataka volti 5 na pikipiki inatoa 12, kwa hiyo lazima kiwepo kigeuzi katikati.

Waya ufuate fremu, ulegezwe kidogo penye shingo ya usukani. Kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Waya ukivutika popote, fungua upange upya. Hapo ndipo waya nyingi hukatikia ndani, nje zikionekana nzima.

Upande wa sauti, waya wa spika ukiungwa huku kifaa kinachaji, mara nyingi utasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata injini. Tumia Bluetooth, mlio huo utaondoka. Spika bapa za helmeti zikae usawa wa tundu la sikio. Zikishuka kidogo tu, upepo unameza maneno yote. Na usifungulie sauti sana: pale Wandegeya penye magari mengi lazima usikie honi ya teksi iliyo nyuma yako.